Mstari Uliofika Nyumbani

Mama Rubani aliiacha cherehani yake katikati ya pindo, akavaa kandambili, akatoka kwenda kufungua geti. Kwenye simu yake mstari wa buluu ulikuwa umekwisha kupita duka la mkate na kona ya shule, na sasa ile nukta yenye picha ya kigari ilikuwa imesimama mbele ya nyumba yao. Mumewe hakuwa mtu wa kupiga honi nyumbani. Alisema honi ni ya ng'ombe na ya wendawazimu wa barabarani, na kwamba mwanamume anayempigia mkewe honi anastahili kulala nje. Kwa hiyo kila jioni mkewe aliutazama mstari, na ulipofika getini naye alikuwa amefika. Alivuta komeo, akasukuma milango yote miwili ya bati, akasogea upande ili gari lipite.

Hapakuwa na gari.

Barabara ilikuwa tupu toka mwisho mmoja hadi mwingine, na jua lilikuwa bado halijazama. Jirani wa mbele alikuwa akimwaga maji ya kufulia.

"Unamngoja nani, jirani?"

"Baba Rubani. Amefika."

"Amefika wapi? Mimi niko hapa muda wote, hakuna gari lililopita."

Mama Rubani alitazama tena simu. Kigari kilikuwa palepale, mahali hasa alipokuwa amesimama yeye. Akarudi nyuma haraka, kama mtu aliyemkanyaga mwenzake mguu, kisha akaona aibu kwa kufanya hivyo mbele ya jirani.

Mume wake alikuwa dereva wa kampuni ya kusafirisha mizigo. Kazini walimwita Taratibu, kwa sababu baiskeli zilimpita kwenye mteremko, na hakuona haya. Mtoto wao wa pekee, binti aliyesomea kompyuta, alifanya kazi kwenye kampuni hiyohiyo, ghorofa ya juu, kwenye chumba cha ramani. Kila gari lilifungwa simu mbele ya usukani, na simu hiyo ilituma nukta njia nzima: niko hapa, sasa niko hapa. Kazi ya binti ilikuwa kuandika programu iliyoziunganisha nukta hizo zikawa mstari kwenye ramani, ili mwenye mzigo akae kwake na kuona mali yake inavyokuja. "Mimi naendesha, wewe unanichora," baba yake alipenda kusema, akambatiza jina la Rubani, na jina likamganda mpaka wazazi nao wakaitwa kwa jina hilo.

Hata sauti iliyowaelekeza madereva ilikuwa yake. Kampuni haikutaka kuajiri mtangazaji, basi Rubani alifungiwa stoo kutwa moja, akatundika mablanketi ukutani ili pasiwe na mwangwi, akasema kwenye maikrofoni: kata kushoto, kata kulia, songa mbele, umefika. Madereva walimcheka Taratibu kwamba ndiye baba pekee anayepelekwa kazini na bintiye kwa kushikwa mkono. Naye, kila sauti ile ilipomwelekeza, aliijibu: "Ahsante, mwanangu."

*

Rubani aliporudi kutoka kazini alimkuta mama yake ameketi kwenye ngazi, geti li wazi.

"Baba yako amefika," mama alisema, "lakini hayupo."

Rubani aliangalia simu ya mama, akaangalia na yake. Mstari ulikuwa safi. Ulitoka kwenye ghala la mji mwingine, ukateremka barabara kuu kwa ule mwendo wa kobe wa baba yake, ukasimama dukani kwa muda wa mtu kununua mkate na kuuliza hali, ukaja mpaka getini. Alipiga simu ya baba. Haipatikani. Ile ya kwenye gari haikuwa na maana kuipigia. Kampuni ilikuwa imeifunga isipige wala kupokea, ili madereva wasipige soga kwa gharama zake.

Mjomba, kaka yake mama, fundi wa majokofu, alikuja mara moja alipoitwa. Alizunguka nyumba, akachungulia uchochoroni, akarudi akikuna kidevu.

"Dada, usinikasirikie. Mwanamume aliyefika getini kwake akageuza, ana geti jingine."

"Kaka, funga mdomo."

"Nafunga. Lakini gari lina nini?"

"Televisheni," alisema Rubani. "Mpya. Limejaa."

Mjomba akapiga mluzi mdogo, na mluzi huo ulimuuma Rubani kuliko tusi. Hawakula. Walikwenda kituo cha polisi, wakaambiwa mtu mzima hapotei kwa jioni moja, na isitoshe, ramani yao wenyewe inaonyesha yuko kwao. Askari aliyesema hivyo alicheka kidogo, akaomba aione tena. Mama Rubani alilala na nguo za mchana. Geti hakulifunga.

Asubuhi, wakati ambao Taratibu huwa anawasha gari, kigari kilitikisika kwenye simu kikaanza kuondoka. Mama Rubani alikuwa amesimama hapohapo uani, uso kwa uso na geti lililo wazi, na vumbi halikutimka hata chembe. Mstari ulipita kona ya shule. Alinyoosha mkono, akaushusha.

"Ameondoka," alisema kwa sauti ndogo. "Baba yako ameondoka kwenda kazini."

*

Meneja alikuwa amekwisha kuiwasha skrini kubwa ya ukutani Rubani alipoingia. Alikuwa mtu wa suruali zilizopigwa pasi na sauti ya upole, ile ya upole inayomfanya mtu atamani kugombezwa.

"Binti, sisi tumekaa na mzee kama ndugu. Jana gari limelala kwenu. Leo linazunguka mjini na mali ya watu. Nimetuma pikipiki ilifuate. Kijana amefika pale linapoonekana, amesimama katikati ya makutano, hakuna gari. Mzee anatuchezea. Amelifanyia nini lile dude?"

"Baba hajui hata kubadilisha mlio wa simu."

"Lakini binti yake anajua."

Watu wanne chumbani mle, wenzake wa kila siku, waliinamia kompyuta zao kwa pamoja. Rubani alihisi uso unamwaka moto. Alitaka kusema neno la maana, akasema, "Sijafanya kitu," kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

"Basi mtafute. Ramani ni yako, uliichora mwenyewe. Ikifika mchana nikalikosa gari, nawapa polisi majina mawili."

Wakati huohuo watu wawili wa kampuni walikuwa nyumbani kwao. Hawakubisha hodi, maana geti lilikuwa wazi. Waliingia chumba cha kulala, wakainua godoro, wakamwaga sakafuni magauni ya wateja ambayo Mama Rubani alikuwa ameyakunja tayari kuchukuliwa. Mmoja alifungua mlango wa choo.

"Televisheni chooni, mwanangu?" Mama Rubani alimuuliza. "Nani atazitazama?"

Yule kijana aliona haya, akaufunga polepole. Majirani walikuwa wamejipanga ukutani. Hakuna aliyesema kitu, na Mama Rubani angeona afadhali wangesema. Watu wale walipoondoka aliyaokota magauni, moja lilikuwa na alama ya kiatu kifuani, akalikung'uta mpaka mkono ukachoka. Kisha akajitanda, akaenda dukani, kwa sababu nyumba haikukalika tena.

Muuza mkate alimwona akaingiza mkono chini ya kaunta.

"Mama Rubani, mwambie mzee ameniudhi. Mkate wake huu hapa tangu jana. Nimemwekea mpaka umekauka, wala hakupita."

"Hakupita?"

"Hata kivuli chake sikukiona."

*

Simu ilimkuta Rubani ametumbua macho mbele ya skrini. Mama yake hakusalimia.

"Huo mstari wako unasema baba yako alisimama kwa muuza mkate. Hakusimama. Mkate ninao mkononi. Sasa niambie, nani alisimama pale?"

Mama yake alikata simu. Rubani alibaki akilitazama lile duka dogo kwenye ramani na kituo kifupi cha buluu mbele yake. Aliivuta ramani karibu, karibu zaidi, mpaka geti la kwao likajaa skrini nzima.

Gari lililosimama halitulii kwenye ramani. Setilaiti huliona sasa hapa, punde pale, hatua mbili huku, hatua tatu kule, na ukizichora nukta za gari lililolala usiku mzima utaona kitu kama mchele uliomwagika. Rubani aliujua mchele huo vizuri, alikuwa ameuona getini kwao kila usiku baba yake alipolala nyumbani. Usiku uliopita haukuwepo. Nukta zote zilikuwa zimekaa juu ya nukta moja, hazikutetemeka hata kidogo. Hakuna kitu chochote duniani, chenye uzito na tairi, kilichokuwa kimesimama pale.

Ndipo alipokumbuka.

Zamani, programu ilipoanza, gari likipita chini ya daraja au kati ya majengo marefu setilaiti zililipoteza, na mstari ukakatika. Wateja wakapiga simu wakilalamika. Meneja akasema mteja hapendi mstari uliokatika. Rubani akaandika kipande cha kubahatisha: simu isipoona setilaiti, ijisogeze yenyewe kwa kufuata njia ya dereva huyo ya kila siku, mwendo wake na vituo vyake, mpaka setilaiti zirudi. Mwanzoni vipande vya kubahatisha alivichora kwa rangi ya kijivu, vya nukta nukta, ili mtu ajue. Meneja akaja tena. Kijivu kinawatia watu wasiwasi, alisema. Rubani akavipaka buluu. Ilikuwa kazi ya kufuta neno moja na kuandika jingine, aliifanya huku akinywa chai, na baada ya hapo hakuifikiria tena, kwa sababu madaraja ni mafupi na hakuna gari linalokaa chini ya daraja usiku kucha.

Kila nukta ya kweli huja na hesabu ya setilaiti zilizoiona. Aliiamuru programu ifute kila nukta ambayo haikuonwa na setilaiti hata moja.

Mstari ulirudi nyuma. Ulifutika mjini kwenye makutano, ukafutika getini kwao, ukapita duka la mkate bila kusimama, ukatoka nje ya mji na kuipanda barabara kuu kinyumenyume. Uliishia kwenye kona iliyo juu ya machimbo ya zamani ya mawe. Tangu pale, jioni nzima, usiku kucha na asubuhi hiyo, aliyekuwa akisafiri hakuwa baba yake. Ilikuwa ni programu yake inayomjua baba yake kupita kiasi.

"Yuko machimboni," alimwambia Meneja. "Naomba gari na watu."

Meneja aliangalia ukutani, ambako nukta ya gari ilikuwa haipo tena mjini.

"Umefuta ushahidi mbele yangu?"

Rubani alichukua mkoba wake akashuka ngazi akikimbia. Hakuaga.

*

Mjomba aliendesha pikapu lake kama mtu aliyeiba. Mama Rubani alikaa katikati, mkate mapajani, na hakuna aliyemuuliza kwa nini ameubeba. Njia nzima mjomba alikuwa akisema, "Nisamehe, dada."

Kwenye ile kona palikuwa na alama ya tairi kwenye majani, ndogo, ya mtu aliyekuwa akienda taratibu hata wakati wa kuanguka. Ng'ambo ya shimo wanawake walikuwa wakiponda kokoto. Mmoja wao aliwakaribia, nyundo mkononi.

"Mnatafuta gari? Jana jioni honi ililia sana huku upande wa zamani, kule vichakani. Tukasema tumalizie hizi ndoo twende tukaangalie. Ikanyamaza ghafla. Tukajua amejinasua, tukaenda zetu nyumbani."

"Hamkuona gari?"

"Kwa vichaka vile? Tungejuaje, mama? Honi ilinyamaza."

Mjomba alimwomba akawaite wanaume wenye mitaimbo. Kisha wakaanza kushuka, Rubani mbele, wakishikilia mizizi. Miiba iliwararua. Huko chini palikuwa na ubaridi wa mahali pasipofikiwa na jua, na mbingu ilibaki ufa mwembamba juu ya mawe. Setilaiti isingeona kitu hapa.

"Kata kushoto," alisema Rubani.

Mjomba alisimama. "Kushoto kuna jiwe. Nipite wapi?"

"Mimi sijasema kitu, mjomba."

Walitazamana.

"Songa mbele," ilisema sauti ya Rubani kutoka vichakani. Ilikuwa sauti safi, yenye furaha kidogo, isiyo na mwangwi wowote ndani ya shimo lile la mawe, sauti ya siku ya mablanketi. Mama Rubani alimshika binti yake mkono kwa nguvu, kama anayetaka kuhakikisha yuko upande upi. Wakaifuata.

Gari lilikuwa limelala ubavu, pua imejikunja kwenye mwamba. Televisheni zilikuwa zimemwagika majanini, nyingi, na katika kila kioo kilichosalimika kulikuwa na kipande cha ile mbingu nyembamba. Taratibu alikuwa amebanwa miguu chini ya usukani, simu yake mwenyewe imepondeka kando yake. Uso wake ulikuwa wa kijivu, damu imemkauka shavuni, macho yamefumba. Midomo ilikuwa inacheza.

"Baba!" Rubani alijipenyeza kwenye dirisha lililovunjika. "Baba, ni mimi!"

"Nimechoka, mwanangu," alisema Taratibu bila kufumbua macho. "Nilishafika jana. Unanipeleka wapi tena?"

"Sikupeleki popote. Niko hapa, baba. Nimekuja."

"Ndiyo. Ahsante, mwanangu."

Aliyasema kama alivyozoea kuiambia ile simu. Rubani alimwita tena, akamwita mara nyingi, na kila alipoita baba yake alitikisa kichwa kwa adabu, akashukuru, akazidi kwenda mbali. Kutoka chini ya kiti sauti ile ile ilisema kata kulia. Alielewa kwamba hawezi kumrudisha baba yake kwa sauti, maana sauti yake ilikuwa imeshatumiwa. Ilibidi aseme jambo ambalo halikusemwa ndani ya ile stoo.

"Baba, muuza mkate amekukasirikia."

Midomo ya Taratibu ilisimama.

"Alikuwekea mkate, hukupita. Umekauka. Mama anao hapa, ukimpiga nao mtu utafungwa."

Jicho moja lilifumbuka. Lilimtafuta kwa muda mrefu, likampata.

"Rubani?"

"Mimi."

"Wa kweli?"

"Wa kweli, baba." Alikuwa analia waziwazi. "Wa kweli kabisa."

Mama Rubani naye alifika, akapiga magoti juu ya vioo, akaanza kumfuta damu kwa mate na pindo la gauni, akimkaripia kwa majina yote aliyoyajua. Taratibu alimgeukia. Alimtazama kwa masikitiko ya mtu aliyekosewa na mtu asiyemtarajia.

"Mbona hukunifungulia, Mama Rubani?"

"Nini?"

"Nilipiga honi, nikapiga. Halafu mtoto akaniambia nimefika. Nikaacha kupiga. Ningempigiaje mke wangu honi nyumbani?" Alivuta pumzi kwa shida. "Nikasema atakuja tu, huwa anakuja. Nikangoja. Giza likaingia, nikangoja."

"Nilifungua," alisema Mama Rubani. "Baba Rubani, nilifungua geti lote. Nikasogea upande ili upite."

Walitazamana, mume na mke, na hakuna hata mmoja aliyeelewa jinsi walivyokosana. Binti yao ndiye aliyeelewa. Aliwaza wale wanawake na ndoo zao, wamesimama juu wakisikiliza, nyundo zimetulia, wakingoja honi ilie mara moja zaidi ili washuke. Neno lake moja lilikuwa limewarudisha nyumbani.

Juu, mbali, wanaume wenye mitaimbo walikuwa wameanza kuita. Walikuwa upande mwingine wa shimo. Mjomba aliwaitikia kwa nguvu zake zote, lakini mawe yaliirusha sauti yake huku na kule, na vishindo vya watu wale vikaanza kuondoka. Chini ya kiti simu ilitoa ule mlio wake mdogo wa mwisho wa safari.

"Umefika," ilisema.

Taratibu alilegea. Macho yakaanza kufumba. Rubani alimshika mkono, ulikuwa wa baridi, akauinua mpaka juu ya usukani na kuukandamiza pale.

"Bado, baba," alisema. "Hujafika. Piga honi."

Taratibu alimtazama kama asiyejua amsikilize nani. Kisha akakaza mkono, na honi ikalia.